Mashine ya kuoshea vyombo ikigoma kuanza, usikimbilie bodi

Bodi, yaani saketi ya kielektroniki inayoiongoza mashine, ni miongoni mwa spea ghali zaidi kwenye mashine ya kuoshea vyombo, na ndiyo husingiziwa kwanza. Kabla hujakubali kuinunua, tazama jambo moja: ukibonyeza kitufe cha kuwasha, taa zinawaka au haziwaki?

Kama haziwaki kabisa, chomeka pasi au birika la umeme kwenye soketi ileile. Usijaribu kwa chaja ya simu, kwa sababu hiyo inakula umeme kidogo mno na itafanya kazi hata kwenye soketi iliyolegea. Mashine ikipasha maji huvuta wati 2,000 hivi, karibu ampia 9 kwa umeme wa volti 230. Ndiyo maana ekstensheni za bei rahisi zinaungua, na ndiyo maana gadi ya friji ya ampia 5 haifai hapa. Tafuta ya ampia 13. Fungua plagi uangalie fyuzi. Iliyoungua ibadilishe kwa nyingine ya ampia 13, usiizungushie waya wala karatasi ya sigara. Ukiona plastiki imegeuka kahawia pembeni ya pini, badilisha plagi na soketi pamoja, maana ukibadilisha moja tu, iliyobaki itaiunguza mpya.

Taa zikiwaka lakini hakuna kinachoendelea, shuku mlango. Funga usikilize: lazima kitasa kilie "tak". Sahani iliyochomoza au trei ya juu isiyoingia mpaka mwisho inatosha kuuzuia. Sasa sukuma kona ya juu ya mlango kwa kiganja huku mwenzako akibonyeza kitufe cha kuanza. Ikianza, tatizo ni kitasa, au sakafu haiko sawa na mashine imejipinda; zungusha miguu yake hadi isitikisike. Isipoanza, chomoa umeme, fungua sehemu ya ndani ya mlango, kisha pima swichi ndogo iliyo kwenye kitasa kwa mita ya fundi umeme (multimeter). Ukiibonyeza, mita isome karibu na omu 0. Isiposoma kitu, swichi imekufa, nayo ni spea ya bei ndogo.

Umeme ukikatika katikati ya kuosha, mashine nyingi hukumbuka programu ya zamani na kukataa mpya. Shikilia kitufe cha kuanza kwa sekunde 3 hivi, iache imwage maji, ndipo uchague upya. Hakikisha pia hukugusa kufuli ya watoto wala kitufe cha kuchelewesha kuanza.

Kuna dalili moja watu wengi hawaielewi: mara tu ukiwasha, pampu inanguruma bila kukoma na hakuna kinachofuata. Hapo maji yameingia kwenye trei ya chini kabisa, ndani ya umbo la mashine. Kuna boya jeupe jepesi pale. Maji yakilinyanyua linabonyeza swichi, na mashine inamwaga maji mfululizo ili nyumba isifurike. Inajilinda, haijaharibika. Mara nyingi chanzo ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono: povu lake linafurika na kupenya hadi chini. Chomoa umeme, funga koki, vuta mashine nje, kisha watu wawili muilaze kwa nyuma kama nyuzi 45 hadi maji yamwagike juu ya taulo. Iache ikauke. Ikijaa tena bila povu, kuna mpira au klipu inayovuja.

Wenye tangi juu ya paa wana la ziada. Kila mita 10 za kimo hutoa shinikizo la baa 1 tu, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya mashine linatoa baa 0.3, na mashine nyingi zinataka angalau baa 0.3 hadi 0.5. Itanguruma ikisubiri maji, kisha itasimama. Fungulia koki kwenye ndoo: lita 10 kwa dakika zinatosha. Zisipofika, safisha kwanza chujio dogo kwenye mdomo wa mpira wa maji, maana mchanga wa tangi hukusanyika hapo.

Haya yote yakiwa sawa, sasa bodi ifunguliwe. Mwombe fundi akuonyeshe palipoungua. Ikiwa ni rilei (swichi ndogo ya umeme iliyo juu ya bodi) yenye weusi miguuni, hubadilishwa peke yake kwa kulehemu, bila kununua bodi nzima.