Dubu anayekuwinda hapigi kelele: nilivyolinda watu kambini

Nimefanya misimu mitatu kwenye kambi ya kutafuta madini kaskazini mwa British Columbia, Kanada, kule ambako barabara hamna kabisa, unaingia kwa helikopta na kutoka ni siku mawingu yakikubali. Kazi yangu ilikua usalama, na kule usalama ni dubu kwanza mengine baadaye.

Mwanzoni nilijua wa kuogopa ni grizli, lile la kahawia lenye nundu mabegani. Ni hatari kweli, ila mara nyingi grizli anakurukia kwa sababu umemshtua, ana watoto, au umemkaribia akiwa na mzoga anaoula, anataka uondoke tu. Dubu mweusi kila mtu anamdharau, ukimpigia kelele anakimbia, sasa hapo ndo tatizo linapoanzia, maana mmoja mmoja kati yao anaamua wewe ni chakula. Stephen Herrero wa University of Calgary na wenzake walipitia vifo vyote vya watu waliouawa na dubu weusi wa porini Kanada na Marekani kuanzia 1900 mpaka 2009, wakapata watu 63, na asilimia 88 ya matukio hayo dubu alikua anawinda, na hao wawindaji karibu wote madume. Namba niliyoiandika kubwa ukutani kwenye hema la kulia ni hii: asilimia 91 ya matukio ya vifo, watu walikua wawili au mtu mmoja peke yake. Na sisi timu zetu za kuchukua sampuli za udongo zilikua za watu wawili wawili.

Juni ya msimu wangu wa kwanza redio ikaita, binti mmoja mwanafunzi na mzee aliyekua naye. Binti akasema taratibu kabisa, "kuna dubu anatufuata, anapotea alafu anatokea karibu zaidi, hatoi sauti yoyote." Aisee mwili ulikufa ganzi. Dubu anayejihami utamjua, anakoroma, anagonga meno, anapiga mguu chini. Huyu masikio yamesimama, macho kwako, kimya. Nikawaambia msikimbie, msipande mti maana anapanda kuliko nyie, na hata akiwafikia msilale chini kujifanya mmekufa kama tulivyofundishana kwa grizli mwenye watoto, huyu mtapigana nae kwa chochote, mlenge puani na machoni. Simameni bega kwa bega, pigeni kelele, toeni spreyi ya pilipili ya kufukuzia dubu.

Kopo la mzee lilikua ndani ya begi, chini ya mifuko ya udongo. Hilo ni kosa langu, niliwaambia wabebe spreyi sikuwaambia wabebe wapi, na mpaka leo linaniuma. Binti lake lilikua mkandani. Akangoja, dubu akafika kama mita 7, akapiga wingu la pilipili chini kidogo ya uso, dubu akageuka anajisugua puani kwenye majani. Lakini hakuondoka! Alikaa pale kwenye miti anawaangalia mpaka helikopta ilipowafikia, dakika 19, mimi nimeshika redio naongea nao muda wote ili wasinyamaze. Siku mbili mbele alikuja pembeni ya kambi, maafisa wa wanyamapori wa jimbo wakamuua. Dume kubwa, na wala hakua na njaa ya kutisha.

Baada ya hapo kopo likawa kifuani, sio begini, na kila Jumatatu tukawa tunafanya mazoezi kwa makopo yasiyo na pilipili, kulitoa na kulifungua kwa mkono mmoja, huku unaangalia upepo unatokea wapi, maana kopo zima linaisha kwa sekunde chache tu. Kuna wageni wanaipuliza kwenye hema kama dawa ya mbu, jamani msifanye hivyo, mabaki ya ile harufu yanamvuta dubu. Takataka tukachoma kila siku, mafuta ya kukaangia hayamwagwi popote. Mahema ya kulala tukazungushia uzio wa umeme, na mimi kila alfajiri napita na kipimo, nikikuta chini ya volti 6000 natafuta nyasi iliyogusa waya au udongo uliokauka mpaka nondo ya ardhini haishiki vizuri.

Kupata mtu wa tatu kwenye kila timu ndo ilikua vita. Bosi aliona sampuli zitapungua. Nikamwekea mezani kisa cha Alaska, Juni 2017, watu wawili wanachukua sampuli za udongo kama wetu kabisa, dubu mweusi akamuua mmoja na kumjeruhi mwingine. Nikamwambia timu ya wawili sitaisainia tena, atafute mtu mwingine wa kusaini. Alikaa kimya siku nzima, jioni akakubali. Wa tatu hachimbi, yeye anaangalia nyuma tu.

Sehemu ambayo sikuwahi kulala nayo usingizi ni mashine ya kuchoronga miamba, zamu ya usiku. Ile kitu inanguruma, vijana wamevaa vizuia kelele masikioni, dubu anaweza kuja mpaka mgongoni hujasikia. Tuliweka taa kali pande zote nne, tukakata vichaka vyote vya karibu, na mtu mmoja mwenye leseni akawa anakaa na shotgani anatazama giza, anabadilishwa kila masaa mawili kwa sababu macho yanachoka. Mpaka naondoka msimu wa tatu bado nilikua naamka saa tisa usiku kuwaita kwenye redio, nasubiri wote wanne wajibu kwa majina ndo narudi kulala.