Pima mafuta yanayofika kabla hujagusa jeti

Mtu akiniletea injini ya mashindano ya mipigo miwili, mazungumzo huanzia kwenye silinda na ekzosi. Matundu ya silinda yapandishwe kiasi gani, kichwa kikatwe kiasi gani, kabureta iwe ya milimita 34 au 38. Mambo hayo nayapenda na ninaweza kuyazungumza mpaka usiku. Ila mimi kitu cha kwanza ninachotaka kukijua ni kingine kabisa: kwa dakika moja, ni mafuta kiasi gani yanatoka kwenye tangi na kufika kwenye bakuli la kabureta, kile kihifadhi kidogo cha mafuta kilicho chini yake?

Kupima ni rahisi. Kabureta iwe imefungwa mahali pake, na tangi liwe na mafuta kidogo tu, kwa sababu uzito wa mafuta ndio unaoyasukuma na tangi lililojaa litakudanganya. Kofia ya tangi ifungwe kama itakavyokuwa siku ya mashindano. Hapo fungua nati ya chini ya bakuli, yaache mafuta yaliyokuwemo yamwagike, na mtiririko ukishatulia, kinga chombo chenye vipimo kwa dakika nzima. Boya, kielea kinachofungua na kufunga mafuta ya bakuli, likiwa limeshuka, sindano yake imefunguka mwisho, kwa hiyo unachokiona ndicho kiwango cha juu ambacho mfumo wako unaweza kutoa.

Sasa piga hesabu. Injini ya nguvu farasi 20 inatoa karibu kilowati 15. Injini ya mipigo miwili inayosukumwa mpaka mwisho inaweza kunywa gramu 450 hivi za petroli kwa kila kilowati kwa saa moja. Hiyo ni lita 9 kwa saa, yaani kama mililita 150 kwa dakika. Mimi siridhiki mpaka chombo kionyeshe angalau mara moja na nusu ya hapo, maana njiani kuna mtikisiko, mafuta yanatoa povu, na boya halifunguki mwisho kila wakati.

Kuna kijana aliniletea pikipiki ambayo kila fundi aliyeishika alikuwa ameiongezea ukubwa wa jeti kuu, kile kitundu kinachopima mafuta yanayopanda kutoka kwenye bakuli. Ikitoka kwenye kona ilikuwa inaondoka kwa nguvu nzuri. Kwenye njia ndefu iliyonyooka, gia ya mwisho, sauti ilikuwa inaanza kuwa kavu na kali, halafu nguvu inakatika. Akirudisha mkono kidogo kwa muda mfupi, nguvu inarudi. Huko kurudi ndiko kulikoniambia kila kitu. Jeti ikiwa ndogo, injini inalia njaa tangu pale unapofungua mafuta yote. Ikianza vizuri kisha ikafifia, bakuli linakauka.

Jeti kuu haina pampu. Mafuta yanapanda kwa sababu mgandamizo wa hewa kwenye koo la kabureta ni mdogo kuliko ule ulio juu ya mafuta ndani ya bakuli. Usawa wa mafuta ukishuka milimita chache tu, safari ya kupanda inakuwa ndefu zaidi na kinachofika ni kidogo. Kwa hiyo bakuli halihitaji kuwa tupu ndipo madhara yaanze. Injini ikinywa mililita 150 kwa dakika na koki, bomba la kufungulia mafuta chini ya tangi, ikitoa 100, usawa umeshaanza kushuka kabla hujafika nusu ya njia.

Na kwenye mipigo miwili njaa hiyo haisamehe. Petroli inapoza kichwa cha pistoni, na ndiyo inayobeba oili. Ikipungua, unapunguza vyote viwili kwa mpigo mmoja, tena wakati joto liko juu kabisa. Pistoni inatanuka na kung'ang'ania silinda, kwa kawaida upande wa ekzosi.

Ekzosi yenyewe inaongeza deni. Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyewaonyesha watu nguvu ya mawimbi ya sauti ndani ya ekzosi yenye tumbo. Wimbi la kwanza linavuta mchanganyiko mpya kupita silinda, na linalorudi linausukuma ndani tena kabla tundu halijafungwa. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilifikia nguvu farasi 25, yaani 200 kwa lita. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka na kwenda Suzuki akiwa na maarifa hayo, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50. Ukifunga ekzosi ya namna hiyo, hewa inayopita inaongezeka, na mafuta lazima yaongezeke pamoja nayo.

Kwa ile pikipiki, mpira wa mafuta ulikuwa umepinda kwa ukali nyuma ya fremu, kichujio cha ndani ya koki kilikuwa kimeziba nusu, na kiti cha sindano ya boya kilikuwa na tundu la milimita 1.5. Niliupitisha mpira njia nyingine, nikabadilisha koki, nikaweka kiti chenye tundu kubwa zaidi. Mipira ya hewa ya bakuli niliielekeza mahali pasipopigwa na upepo, maana upepo ukipiga kwenye midomo yake unabadilisha mgandamizo juu ya mafuta na kuharibu kila hesabu ya jeti.

Baada ya hapo ndipo tukaja kwenye jeti. Kuanzia mafuta yakiwa yamefunguliwa robo tatu mpaka mwisho, jeti kuu ndiyo inayotawala. Chini ya hapo ni sindano ya slaidi (kizibo kinachopanda ukifungua mafuta), mkato wa slaidi na jeti ya silensa, ile ya injini ikinguruma bila kuongezwa mafuta. Weka plagi mpya, kimbia mafuta yote kwenye gia ya juu, kisha zima moto na ukamate klachi kwa wakati mmoja. Usirudi ukiendesha. Fungua plagi palepale na uangalie kauri chini kabisa, ndani, inapokutana na chuma. Pete ya kahawia ya kule chini inaeleza habari ya jeti kuu. Rangi ya nchani isikushughulishe. Kama kwenye kauri kuna vitone vidogo vinavyong'aa, simama, hiyo ni alumini ya pistoni.

Plagi ya yule kijana ilitoka nyeusi, imelowa, yaani sasa mafuta yamezidi, na injini ilikuwa inakohoa kwenye mzunguko wa juu. Jeti zote kubwa walizomwekea zilikuwa zinajaribu kuziba pengo la koki. Tukashuka hatua kwa hatua, tukipima plagi kila mara, mpaka tukarudi jirani kabisa na jeti iliyokuja na kabureta ile kutoka kiwandani. Sasa anaifungua mpaka mwisho wa njia na sauti haibadiliki.