Mvinyo mtamu wa bei nafuu ulivyotufaa katika sherehe ya kipaimara Moshi

Tulipokuwa tukiandaa sherehe ya kipaimara cha binti yetu hapa Moshi, watu ninaowaheshimu waliniambia kwamba mvinyo mtamu wa bei ndogo ni maji ya sukari tu, na kwamba asiye na fedha za kununua Sauternes, mvinyo mtamu wa Ufaransa, aachane na habari hiyo. Ushauri huo bado unaniudhi. Sauternes ni ghali kwa sababu ukungu uitwao Botrytis hukausha zabibu zikiwa bado mzabibuni, wachumaji hurudi shambani mara kadhaa kuchagua zilizo tayari, na maji yanayokamuliwa huwa kidogo. Muscadel, mvinyo mtamu wa Afrika Kusini, haina taabu hiyo: hutiwa pombe kali iliyotokana na zabibu ili hamira, ambayo hugeuza sukari kuwa pombe, isiimalize sukari, na utamu unaobaki ni wa zabibu zenyewe. Ndiyo niliyonunua, kila chupa kwa bei ya kilo mbili hivi za nyama, nikaongeza na mvinyo mtamu mwekundu wa Dodoma.

Muuzaji alisisitiza kwamba mvinyo wa namna hii hauwekwi kwenye friji, na kwamba unakwenda na keki yenye krimu nyingi. Tulijaribu hivyo jioni moja kabla ya sherehe, nikiwa na shemeji na mama mdogo. Kwa kuwa keki iliuzidi mvinyo utamu, kila funda lililofuata tonge la keki lilikuwa chachu na jepesi, na kwa joto la Moshi harufu ya pombe ilitangulia kila kitu. Mama mdogo aliweka glasi chini akasema, "Mwanangu, hii inakaba koo."

Friji ilikuwa imejaa nyama, kwa hiyo nilichukua ndoo, nikatia barafu, maji na konzi kadhaa za chumvi, kwani chumvi huyafanya maji yapoe kupita barafu tupu bila kuganda, kisha nikaizamisha chupa hadi shingoni huku nikiizungusha polepole. Haikuchukua muda. Badala ya krimu niliandaa korosho za chumvi, jibini, na keki ya ndizi isiyo na sukari nyingi. Mvinyo uleule sasa ulinukia maganda ya machungwa na asali, na mama mdogo, ambaye hasifu kitu kwa kumfurahisha mtu, aliomba aongezewe.

Siku yenyewe tuliutoa baada ya ndafu, katika glasi ndogo, maana kilevi cha muscadel ni asilimia 15 au zaidi. Ukitaka kinywaji chepesi tafuta Moscato d'Asti, mvinyo mtamu wa Italia wenye mapovu na kilevi cha asilimia 5 hivi, ila hiyo imalizwe mapema kabla mapovu hayajapotea. Muscadel iliyobaki tuliifunga vizuri, na kwa wiki kadhaa tuliendelea kuinyunyizia juu ya mananasi. Ninachokataa hadi leo ni chupa ambayo lebo yake haisemi zabibu zilikotoka, hata ikiuzwa rahisi kiasi gani.