Edmonton walivyopigwa bao kabla ya msimu
Wanaofuata NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, kiangazi cha 2024 cha timu ya Edmonton ni darasa tosha. Julai 1, soko la wachezaji huru lilipofunguliwa, walikimbilia wachezaji wakongwe, Skinner kwa dola milioni 3 kwa mwaka na Arvidsson milioni 4, huku vijana wao Broberg na Holloway hawajasaini mikataba mipya. Kikomo cha mishahara ya timu kilikuwa milioni 88. Agosti, timu pinzani ya St. Louis wakawatupia vijana hao ofa mbili kwa mpigo, za miaka miwili: Broberg 4,580,917 kwa mwaka, Holloway 2,290,457. Edmonton wana siku 7, walipe hivyohivyo au waachie. Wakaachia! Fidia? Chaguo la raundi ya pili na la tatu kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji chipukizi, kwa vijana waliochaguliwa raundi ya kwanza. Mkataba wa kijana usainiwe kabla ya Julai, nafasi chini ya kikomo ingalipo.