Sukuma wiki ya Charleston si sukuma wiki unayoijua

Menyu ya mgahawa wa hadhi mjini Charleston, South Carolina, humfanya mtu wa Mombasa au Morogoro ajione yuko nyumbani: sukuma wiki, kunde, bamia, wali, mahindi. Si ajabu, maana wali na kunde za pwani ile zilikuzwa na kupikwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na wajukuu wao, Wagullah, bado wapo. Ila kinachovipa vyakula hivi ladha mara nyingi hakiandikwi.

Ni nguruwe. Sukuma huchemshwa saa nzima au zaidi pamoja na kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi. Kunde vilevile. Mkate wa mahindi huokwa kwenye kikaango cha chuma, na mara nyingi kikaango hicho kimepakwa mafuta ya bekoni. Kwa Muislamu au asiyekula nyama, basi, kuagiza mboga tupu si kinga. Na ukimuuliza mhudumu kama kuna nyama ndani, anaweza kukujibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu kifundo kimeshatolewa. Uliza mchuzi umechemshwa na nini, na mkate umeokwa kwa mafuta gani. Tena uliza siku ya kuweka nafasi, kwa kuwa sufuria la sukuma hubandikwa mapema na hakuna atakayekubandikia jingine saa mbili usiku. Supu maarufu ya kaa jike ina krimu na divai ya sherry. Sherry inayomiminwa juu mezani unaweza kuikataa, iliyoingia jikoni ndiyo hiyo.

Jiko lenyewe mimi hulipima kwa gritsi. Hizi ni chenga za mahindi yaliyosagwa kwa jiwe: kikombe kimoja cha chenga kwa vikombe vinne au vitano vya maji au maziwa, moto mdogo, dakika 45 hadi saa nzima, na mwiko usikae mbali. Zikiiva hushuka polepole kutoka kwenye kijiko, si uji, si ugali. Zikikwaruza ulimi, zimeepuliwa mapema. Madonge hutokana na chenga kumwagwa kwa pupa bila kukorogwa. Zikisimama kama ugali, zimesubiri motoni bila kuongezwa maji. Na zikiwa laini kabisa, huoni chembe hata moja, hizo ni za paketi, za dakika tano, na kwa bei za migahawa hii una haki ya kununa. Kamba wanaolazwa juu yake wawe wamejikunja kama herufi C. Wakijifunga duara, wamepitiliza na watakuwa kama mpira. Chakula hiki cha kamba na gritsi kilikuwa kifungua kinywa cha wavuvi, hadi mpishi Bill Neal alipokipandisha kwenye meza ya jioni ya mgahawa wake, Crook's Corner, mjini Chapel Hill, North Carolina, miaka ya 1980.

Kuku wa kukaanga anayefaa kusubiriwa hulowekwa usiku kucha kwenye maziwa ya mgando, na hukaangwa ukishaagiza, kwa hiyo tegemea nusu saa. Akija na mafuta yanayochuruzika, mafuta yalikuwa hayajapata moto wa kutosha. Akiwa mweusi nje na damu mfupani, yalizidi. Mrudishe bila haya.

Ukisema chai tu, utaletewa ya barafu, na sukari yake imeshayeyushwa humo ikiwa moto, haitoki. Taja kwamba unataka ya moto. Biskuti nazo si zile za dukani: ni vimkate laini vya matabaka, huliwa na siagi vikiwa bado vinatoa mvuke.

Bakshishi si hiari kwa maana tuliyoizoea. Sheria ya Marekani inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991, na South Carolina haina chake. Toa asilimia 18 hadi 20 ya bili kabla ya kodi: bili ya dola 140, weka dola 28. Mkiwa sita au zaidi, soma risiti kwanza, kwani huenda imeshajumlishwa. Ukilipa kwa kadi, andika bakshishi na jumla kwa mkono, tia saini, acha nakala ya mgahawa mezani.