Visiki vya shambani kwa shangazi

Mwezi wa nane mwaka 2016 nilirudi Kongwa kuhesabu miche. Nilikuwa na daftari, simu ya kupigia picha, na orodha ya kaya ambazo mradi nilioufanyia kazi ulikuwa umezigawia miti miezi minne nyuma yake. Nilianza na shamba la shangazi yangu, dada yake baba, kwa sababu nilijua hatanificha kitu.

Baada ya shikamoo na mbukwenyi ya Kigogo tukaingia shambani. Ekari tatu, nusu uwele na nusu alizeti, mabua yote yameshaliwa na ng'ombe. Shangazi alikuwa amepokea miche 50. Tulichokikuta ni vijiti vikavu, na penginepo hata kijiti hakikuwepo, ni shimo tu lenye ukingo wa kiriba cheusi, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, umechomoza. Mtu alifukia mche pamoja na kiriba chake kwa kuwa hakuna aliyemwambia kinavuliwa. Ningekuwepo siku ile ningemwambia. Sikuwepo, nilikuwa kijiji cha pili nikisainisha fomu za kupokelea.

Iliyokuwa hai ni mitatu. Miwili ni miarobaini, wa tatu mwembe nyuma ya bafu.

Nilimuuliza kulikoni. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mama, mlinipa watoto hamsini wa kunywesha, na kisima mnakijua kilipo."

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye daftari. Mche mchanga katika kiangazi chake cha kwanza, kwenye ardhi yetu, ukiupa lita tano kwa wiki umeubana sana. Miche 50 ni lita 250, yaani ndoo kumi na mbili na nusu za lita ishirini. Hizo ni juu ya maji ya kupikia, kufulia, kuoga na ya mbuzi. Na anayechota ni yeye, au mjukuu wake wa kike kabla hajaenda shule. Kwenye taarifa ya mradi shangazi aliandikwa kama mnufaika. Neno lile limenikaa moyoni mpaka leo.

Halafu kuna suala la mvua. Kwetu mvua ni moja tu kwa mwaka. Inaanza Desemba, ikichelewa Januari, na Aprili inaaga. Kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600, na sehemu kubwa inashuka kwa siku chache za gharika na kuondoka na udongo. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti mwaka ule ilikuwa tarehe 1 Aprili, na kwa watu wa Kilimanjaro au Tanga, ambako masika ndiyo kwanza yanakolea, ni tarehe nzuri. Kongwa, mche unaoingia ardhini tarehe 1 Aprili unapata mvua mbili au tatu, kisha miezi saba ya jua na upepo. Lori letu lilifika wiki ya mwisho ya Machi. Kila mkulima aliyesimama kwenye foleni ile alijua ni kuchelewa. Walipokea kwa heshima, kwa sababu mgeni aliyeleta kitu harudishwi nacho.

Kongwa si mara ya kwanza kuletewa mpango uliopangiwa mbali. Mwaka 1947, vita vimekwisha na Uingereza ina njaa ya mafuta ya kula, serikali yao iliamua kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, na kazi ikaanzia hapa. Waliingiza matrekta na mabuldoza, mengine mabaki ya vita, wakafunga minyororo kati ya mashine mbili na kuburuza pori zima. Mibuyu iliwashinda. Udongo wetu wenye mfinyanzi ukikauka ni kama saruji, na chini yake ulijaa mizizi iliyovunja majembe ya trekta. Mwaka 1951 waliachana na mpango, pauni milioni 36 hivi zimepotea. Babu yangu alifanya kibarua pale akiwa kijana, na alipenda kusema kwamba mzungu aling'oa mti lakini mizizi ilimshinda.

Nilimsikia akisema hivyo nikiwa mdogo, nikidhani ni hadithi tu. Nilikuja kuelewa baadaye sana, mwaka 2019, wilaya ya jirani, kwa mkulima mmoja aliyenionyesha shamba lake. Lilikuwa na miti zaidi ya mia, yote ya asili, yote ndani ya uwele, na hakuna hata mmoja alioupanda. Nilipomuuliza miche aliipata wapi, aliinama akafukua kwa vidole pembeni ya shina mpaka kikaonekana kisiki kinene kama paja, cheusi, kina makovu ya panga ya miaka mingi. "Huyu alikuwepo kabla yangu," alisema.

Kwa Dodoma njia hii inaitwa Kisiki Hai, na jina limeenea zaidi kwa kazi ya shirika la LEAD Foundation pamoja na lile la Justdiggit la Uholanzi. Hakuna kitalu wala lori. Unatembea shambani unatafuta vile vichaka unavyovikata kila mwaka wakati wa kuandaa shamba na kila mwaka vinarudi. Vinarudi kwa sababu chini yake mti uko hai, na mizizi yake imeshafika kwenye unyevu ambao mche wa kiriba utahitaji miaka kuufikia. Mti wa namna hiyo haudai ndoo ya mtu.

Julai ya mwaka ule ule nilikwenda kwa shangazi na panga lililonolewa vizuri. Tulianza na kisiki cha mkole kilichokuwa katikati ya sehemu ya alizeti. Kilikuwa na machipukizi 19, nilihesabu, yamesongamana kama ufagio, hakuna lililopita kiuno changu. Shangazi alichagua mwenyewe. Alishika moja moja, akalipinda kidogo kuona ugumu wake, akatazama lilipotokea. Akabakiza matatu yaliyonyooka, yaliyoshika chini kabisa kwenye kisiki na yaliyoachana nafasi. Mengine niliyakata nikipiga panga kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ukipiga kutoka juu gome linachanika mpaka kwenye kisiki na maji ya mti yanavujia pale. Kisha tukaondoa vitawi vya pembeni mpaka nusu ya urefu, kilele tukakiacha. Alichana ukanda wa kanga kuukuu, rangi nyekundu iliyopauka, akaufunga kwenye shina moja ili mpita njia na mchungaji wajue huyu ana mwenyewe.

Dakika kumi hazikufika. Mpaka jua linakuwa kali tulikuwa tumemaliza visiki 14, na shangazi alikuwa na mzigo wa kuni wa kutosha kupikia siku nne. Alijitwisha akacheka. Mti uliomlipa siku ile ile aliyoanza kuushughulikia alikuwa hajawahi kuuona, na mimi katika miaka yangu yote ya kugawa miche nilikuwa sijawahi kumpa mkulima yeyote kitu cha kurudi nacho jikoni siku hiyo hiyo.

Nimesoma baadaye kwamba Niger walipitia safari hii kabla yetu. Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa akisimamia upandaji miti kule, alikuwa anashuhudia miche yake mingi ikifa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1983, akiwa amesimamisha gari apunguze upepo wa matairi ili apite kwenye mchanga, aliangalia kichaka kando ya njia akagundua ni mti uliokatwa unaochipua. Kutoka hapo wakulima wa Niger wamerudisha miti kwenye eneo linalokadiriwa kuwa hekta milioni tano. Kwetu Tanzania, Shinyanga ilionyesha jambo la karibu na hilo: mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulifanikiwa hasa pale uliporudi kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kutenga malisho na kuyapumzisha. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa ngitili. Mkulima na mfugaji walikuwa na elimu hiyo tayari. Kilichohitajika ni mtu wa kuwasikiliza na kuwapa nguvu ya kulinda.

Lakini nisiseme kama vile ni rahisi. Wakulima wanaong'oa visiki wana sababu zao, na nilipojifunza kuwauliza kabla ya kuwafundisha nilizipata moja moja.

Ya kwanza ni ndege. Kwenye uwele na mtama kwelea kwelea wakishuka wanamaliza shamba, na mti katikati ya shamba ni mahali pa kutua. Hii si imani potofu, nimekaa na watoto wakipiga madebe tangu alfajiri nikaona wanavyotua. Shangazi aliamua upande wa uwele abakize miti michache, aipogoe juu zaidi ibaki na kichwa chembamba, na mingi aiweke upande wa alizeti na mipakani. Hakuna kitabu kilichompa uamuzi huo. Kila mwaka anaurekebisha.

Ya pili ni trekta la kukodi. Dereva analipwa kwa ekari, anataka kwenda moja kwa moja, kisiki kikimvunjia jembe anadai. Wengi wanakata kila kitu kwa sababu dereva atakataa shamba. Tulichofanya kwa shangazi ni kuchagua visiki vinavyokaribia kuwa kwenye mstari mmoja, kufuata mwelekeo wa kulima, hata kama kuna kisiki bora zaidi nje ya mstari. Visiki vizuri vingine viliachwa vikatwe. Iliniuma, lakini shamba ni lake.

Ya tatu ndiyo nzito. Wazee kadhaa waliniuliza: nikiuacha mninga ukue shambani kwangu, siku nikitaka kuukata nitauliza nani? Mti uliopandwa kila mtu anajua ni wa aliyeupanda. Uliojiotea watu wanaogopa kwamba ukishakuwa mkubwa utakuwa wa serikali, na mwenye shamba atabaki kuwa mlinzi asiyelipwa. Ukiogopa hivyo, kilicho salama ni kuukata ungali mdogo. Hata Niger jambo hili lilikuwepo, miti ilihesabiwa mali ya serikali, na miti ilianza kurudi kwa wingi mkulima alipoweza kuitumia bila hofu. Mimi nadhani mtu anayetaka kumsaidia mkulima mdogo kwenye miti, kabla hajanunua kiriba kimoja, akae na mtendaji wa kijiji, mwenyekiti na wazee, swali hili lijibiwe mbele ya mkutano na liandikwe kwenye muhtasari. Kijijini kwetu lilichukua mikutano mitatu.

Kwenye mkutano wa pili wafugaji walikuja kwa hasira. Baada ya mavuno shamba ni la mifugo ya wote, ndivyo tulivyokulia, na walisikia tunataka kuwafungia. Mzee mmoja mwenye mbuzi wengi alisimama kupinga, na katika kupinga kwake akasema mwaka uliopita, mwezi wa kumi, majani yamekwisha kabisa, mbuzi wake walipona kwa maganda ya migunga michache iliyobaki korongoni. Akanyamaza. Watu wakanyamaza pia. Akaketi, na baadaye yeye ndiye aliyependekeza kwamba mchungaji mwenye kuvunja shina lenye kitambaa alipe faini. Sheria ndogo ile ina maneno yake karibu yote.

Niliacha kazi ya mradi ule muda si mrefu baadaye. Sina ugomvi nao, waliniajiri nikiwa sina kitu, na walitaka mema. Ila walihesabu miche iliyotoka kwenye lori, na sasa mimi nahesabu miti iliyopita viangazi viwili. Kwenye shamba la shangazi, Julai iliyopita, ilikuwa 61. Mkole wetu wa kwanza umenipita kichwa mara mbili. Ukanda wa kanga ulishaoza, akafunga mwingine.

Miche bado naipenda, na kitalu changu kidogo nyuma ya nyumba kipo. Maembe hayatoki kwenye visiki vile. Kinachobadilika ni maswali. Siku hizi mtu akija kuomba miche namuuliza ni mingapi anaweza kuinywesha mpaka Desemba, na yatakuwa maji gani. Wengi wanasema miwili, mitatu. Nawapa miwili, mitatu, na viriba tunavivua pamoja.

Ule mwembe wa shangazi uliopona mwaka 2016 ulipona kwa sababu maji ya kuogea yalikuwa yanatokea pale. Umezaa mwaka jana kwa mara ya kwanza, maembe tisa. Wiki iliyopita alinipigia simu. "Nina kaya mbili hapa uani sasa," alisema, kwa sababu mwanawe amejenga. "Bafu limekuwa la pili. Niletee mwembe mwingine, mmoja tu, na uje mvua ikishapiga."

Nimeshauchagua. Una majani kumi na moja.