Tazama, Waonaje?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu katika imani, wiki hii tukae na aya moja, ya 102 katika Sura As-Saffat. Ismail amekua, amefikia umri wa kwenda na babake katika shughuli zake. Ibrahim, amani iwe juu yake, anamwambia: "Ewe mwanangu, nimeona usingizini kuwa ninakuchinja. Basi tazama, waonaje?" Kijana anajibu: "Ewe babangu, tenda unaloamrishwa. Utanikuta, inshallah, miongoni mwa wanaosubiri."

Kila Idi ya kuchinja tunahadithiwa kisa hiki, na mara nyingi tunakimbilia kisu na kondoo. Mimi naomba leo tusiyapite haraka yale mazungumzo. Ndoto ya Mtume ni wahyi. Ibrahim hakuwa na shaka iliyohitaji kutatuliwa, wala hakuwa akitafuta pa kutokea. Amri ilikwisha shuka. Hata hivyo alimweleza mtoto jambo lilivyo, bila kulipamba, kisha akamuuliza rai yake, kwa sababu shingo iliyokuwa ikizungumzwa ilikuwa ya yule mtoto. Baba aliyeamrishwa na Mola wake alimuuliza mwanawe. Sisi tunaoamua kwa hesabu zetu na hofu zetu, tumepata wapi ruhusa ya kugeuza maisha ya watu bila kuwauliza?

Nasema haya nikiitazama Lamu yetu. Msichana amemaliza shule, ajenti amempigia simu khalati yake, na safari ya Arabuni imepangwa kabla mamake hajajua ni nchi gani. Kijana ameacha chuo ashike boti ya watalii, babake amepata habari gatini. Mume ameshapanga nyumba Mombasa ili ahamishe watoto, mke anaambiwa na jirani. Barazani baada ya alasiri tunazungumza sana: siasa, bandari, bei ya samaki, mpira. Lakini lile linalomkaa mtu kooni hulimeza, akaja kulitoa siku ambayo halina tena la kuzungumzwa.

Wako watakaosema: mimi nimeswali istikhara, sala ya kumuomba Mwenyezi Mungu anichagulie la khera, yatosha. Sahaba Jabir bin Abdillah, Mungu amridhie, amesimulia kuwa Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Basi hapana Muislamu wa kuidharau. Lakini yasikilizeni maneno ya dua yenyewe. Mja anasema: ikiwa jambo hili lina khera nami katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, niwezeshe na unisahilishie, na ikiwa ni shari kwangu, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie khera popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Hamna humo ahadi ya ndoto. Hamna rangi ya kijani wala nyeupe ya kungojewa usingizini. Na hamna neno linalomkataza mtu kumuuliza mkewe. Wanazuoni wetu wamezifundisha mbili hizi zikiwa pamoja, kumuomba Mwenyezi Mungu khera na kuwashauri waja wake wenye ujuzi na huruma. Anayeswali rakaa mbili ili apate neno la kuwanyamazishia watu wake, ajiulize alichokiomba ni nini.

Tena Qur'ani haikuacha hata jambo dogo la nyumbani. Sura Al-Baqara, aya ya 233, katikati ya hukumu za talaka, inazungumzia kumwachisha mtoto ziwa. Baba na mama wakitaka kumwachisha kabla ya kutimia miaka miwili, si vibaya kwao, madamu wameridhiana na kushauriana. Ziwa la mtoto! Na wazazi wenyewe huenda hawakai tena nyumba moja. Ikiwa hilo lataka kikao, nyumba ya urithi je?

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo tunapoumia. Mji wetu wa kale uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni wenye pesa wanazitaka nyumba zetu za mawe, Mkomani hata Shela. Kuuza si haramu. Nyumba ikibomoka na hapana wa kuitengeneza, huenda kuuza ndilo jambo la akili. Lakini tazameni inavyokuwa. Ndugu wa kiume wanakutana na dalali, bei inakubaliwa, na dada aliyeolewa Faza au Malindi anaitwa siku ya kutia saini. Fungu lake ametajiwa na Mwenyezi Mungu ndani ya Sura An-Nisaa. Ni mali yake kamili, hakupewa kwa hisani ya kaka. Kidole chake kinatiwa wino kabla sikio lake halijaambiwa neno. Ukimuuliza baadaye kwa nini alinyamaza, atakwambia aliona haya kumkosea kaka adabu mbele za watu. Mtu aliyewekewa karatasi mbele ya macho ya ukoo mzima akanyamaza, msimuandike kuwa ameridhia. Mwendeeni mapema, kwake, faraghani. Mwambieni bei yote, mwambieni mnunuzi ni nani, mwambieni na bibi mkongwe anayelala kile chumba cha ndani atahamia wapi. Kisha mpeni siku za kufikiri. Akisema hapana, hiyo pia ni rai, na huenda ameona msilolioona.

Mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaybiya, karibu na Makka, masahaba walikuwa na huzuni kubwa kwa yale masharti ya suluhu na Makuraishi. Mtume akawaamrisha wachinje na wanyoe, akakariri mara tatu, hakuinuka mtu. Akaingia hemani kwa Umm Salama, akamweleza. Bibi huyu akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje ngamia wake na amwite kinyozi wake. Akatoka akafanya hivyo, na watu wote wakainuka. Kiumbe bora kuliko wote alimweleza mkewe jambo lililomlemea, akalichukua shauri lake mbele ya masahaba wote. Waume wa Lamu, hii ni sunna kama zilivyo sunna nyingine mnazozipenda.

Sasa tumgeukie anayeulizwa. Mtume amesema kuwa mwenye kutakwa shauri ni mwenye kuaminiwa. Siri uliyoambiwa alasiri isifike mkahawani kabla ya maghribi. Na ukiulizwa, sema kweli. Fatima binti Qays alipomaliza eda yake aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kwa Mtume. Hakuambiwa tu "Mungu atakusahilishia" akarudi nyumbani. Aliambiwa kuwa Abu Jahm haishushi fimbo begani mwake, na Muawiya ni fukara hana mali. Olewa na Usama bin Zayd. Mwanzoni hakumpenda. Akaambiwa tena, akaolewa naye, na yeye mwenyewe akasimulia kuwa Mwenyezi Mungu alitia khera ndani yake hata akaonewa wivu.

Natamani tuwe na ushauri wa namna hii. Binti akiletewa posa na wewe wajua yule kijana anatafuna miraa na anapiga, usijifiche nyuma ya "mimi simo". Huko si kusengenya, wanazuoni wamelitoa wazi jambo hili katika usengenyaji. Umeulizwa juu ya maisha ya mtu. Sema unalolijua, kwa kadiri inayohitajika, basi, usiongeze.

Kuna jambo ambalo limewakatisha wengi tamaa. Mtu husema: mimi niliwashauri, nilifuata rai yao, na yakaharibika, sitauliza tena. Huyu namuomba avisome vita vya Uhud. Mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume aliona kheri wabaki Madina, na alikuwa ameona katika ndoto ng'ombe wakichinjwa. Vijana, wengi wao wale waliokosa vita vya Badr, walishikilia kutoka kuwakabili maadui nje ya mji. Akakubali, akaingia ndani akavaa vazi la vita. Wakajuta, wakasema tumemlazimisha. Akawajibu kuwa haimpasi Nabii, akishavaa vazi lake la vita, kulivua kabla hajapigana. Wakatoka. Njiani Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki, akarudi na thuluthi ya jeshi. Siku ile walikufa mashahidi 70, akiwemo Hamza, ami ya Mtume, na uso wa Mtume mwenyewe ukajeruhiwa.

Na ni katika aya zilizoshuka baada ya Uhud, Sura Aal Imran, 159, ndipo alipoambiwa: wasamehe, waombee maghfira, na ushauriane nao katika mambo, na ukishaazimia, mtegemee Mwenyezi Mungu. Kila nikiisoma aya hii baada ya kusoma yaliyotokea, moyo wangu husimama. Mtu angetarajia baada ya msiba ule aambiwe asiwaulize tena. Akaamrishwa awaulize, na kabla ya hapo awasamehe.

Funzo hili ni letu wazazi kwanza. Mwanangu ameniuliza, nimesema hapana na nimetoa sababu zangu, naye ni mtu mzima, ameamua kwenda. Wako kati yetu wanaosusa hapo. Hampokei simu, hamtaji jina, wanangoja apatwe ili waseme "nilikwambia". Mtume hakusema hivyo juu ya miili ya Uhud. Rai yake haikufuatwa, naye alitoka nao, akawa mbele yao.

Kwa hiyo mama ambaye hakutaka bintiye aende Arabuni, asibaki nyumbani siku ya safari. Kabla ya siku hiyo wameketi wawili, wameusoma mkataba kwa lugha wanayoifahamu, wameuliza kama ajenti amesajiliwa na serikali na paspoti atakaa nayo nani. Ashuke naye gatini mpaka kwenye boti ya Mokowe, amsomee dua ambayo Mtume akimuagia msafiri: namkabidhi Mwenyezi Mungu dini yako, amana yako na mwisho wa amali zako. Na namba ya simu ya huyo mwajiri iandikwe katika daftari la nyumbani, pamoja na ya ubalozi wetu, isikae katika simu ya binti peke yake.